Pumu safarini: Dar es Salaam hadi Manchester, siku kwa siku

Anayehamia Uingereza na pumu huagwa kwa onyo moja: baridi. Ananunuliwa koti zito, anapewa soksi za sufu, anaambiwa ajifunike. Baridi inabana kifua kweli, na tutaifikia. Ila mara nyingi kinachomwangusha mtu miezi ya mwanzo ni dawa kumwishia kabla hajapata daktari, au chumba chenye unyevu alichokipanga kwa haraka. Yote mawili yanazuilika, na kazi ya kuyazuia inaanzia Dar.

Safari tunayoifuata ni ya mtu mzima mwenye pumu ya wastani. Anavuta dawa ya kinga mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni, na ana inhela ya kutuliza ya salbutamo. Anaondoka Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, na siku hiyo ndiyo siku ya 1. Vipimo vya pumzi vilivyoandikwa ni vya mfano, weka vyako.

Siku 70 kabla

Visa ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 inamtaka anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda awe na hati ya kupimwa kifua kikuu. Anapigwa picha ya eksirei katika kituo kilichoidhinishwa. Picha ikitia shaka anaombwa makohozi, yanapandwa maabara, na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Mwenye pumu ndiye hasa anayeweza kunaswa hapa, kwa sababu anafika akikohoa. Usiende siku kifua kimechafuka. Tuliza kwanza, kisha nenda na cheti au barua inayosema una pumu. Hati ikitoka inakaa halali miezi 6, kwa hiyo kuwahi hakukupotezei kitu.

Pamoja na visa unalipa ada ya huduma za afya: pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, pauni 1,035 kwa watu wazima wengine wengi. Ikumbuke namba hii. Kuna watu wanalipa fedha yote hiyo, kisha wakibanwa usiku wanaogopa kwenda hospitali wakidhani watadaiwa upya.

Siku 45 kabla. Asubuhi 440, jioni 450

Kipima pumzi ni kile kibomba cha plastiki chenye mshale na namba pembeni. Simama wima, rudisha mshale kwenye sifuri, vuta hewa mpaka kifua kijae, fumba midomo kukizunguka kinywa cha kibomba, kisha puliza kwa nguvu na kwa haraka, pigo moja. Kidole kisiguse njia ya mshale. Rudia mara 3, andika namba kubwa kuliko zote. Usitafute wastani.

Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki 2 ukiwa mzima. Namba ya juu ya wiki hizo ndiyo kipimo chako bora, na kila kitu kitakachofuata kinapimwa kwayo. Kwa aliye na 450, asilimia 80 ni 360 na asilimia 50 ni 225. Juu ya 360 uko salama. Kati ya 360 na 225 kifua kinakuonya. Chini ya 225 ni dharura. Ziandike namba hizo 3 kwa kalamu isiyofutika nyuma ya kibomba.

Safiri na kibomba kilekile. Vya zamani na vya sasa vya Ulaya havisomi sawa, na mtu akinunua kipya huko anaweza kudhani mapafu yamebadilika kumbe ni kipimo.

Siku 30 kabla

Leo ni daktari na duka la dawa. Barua ya daktari iwe ya Kiingereza, ukurasa mmoja, yenye majina halisi ya dawa. Jina la kibiashara la duka lenu linaweza lisijulikane huko, au likawa la kitu kingine. Iandikwe hivi: salbutamo mikrogramu 100 kwa mpulizo, dawa ya kinga jina lake, nguvu yake, mipulizo mingapi kwa siku, umelazwa lini mara ya mwisho, umewahi kuingia chumba cha wagonjwa mahututi au la, umemeza prednisoloni (vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija) mara ngapi ndani ya miezi 12, kipimo chako bora, na dawa zinazokudhuru. Kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki zimewahi kukubana, liwe sentensi ya peke yake. Vivyo hivyo kama unatumia dawa ya presha au ya macho, maana propranolo na matone ya timolo huweza kuifunga mirija ya mwenye pumu.

Angalia namba zinavyoandikwa. Inhela ya budesonidi na fomoterolo inayoitwa 200/6 Uingereza ni ileile inayoitwa 160/4.5 Marekani: mmoja anahesabu dawa inayopimwa ndani ya chombo, mwingine inayotoka mdomoni mwake. Beklometasoni, dawa nyingine ya kinga, nayo ina aina ya chembe laini ambayo nguvu yake ni kama mara 2 ya aina ya kawaida kwa namba ileile. Ndiyo maana kopo tupu la dawa uliyozoea lina faida kuliko maelezo ya mdomo. Lichukue.

Sasa hesabu ya siku 90, kwa sababu hiyo ndiyo akiba ya kukuvusha mpaka utakapokuwa na daktari wa kudumu. Mipulizo 4 kwa siku mara 90 ni 360. Kopo la mipulizo 200 linakaa siku 50, kwa hiyo beba 2. Kopo la 120 linakaa siku 30, kwa hiyo beba 3. Salbutamo beba 2: moja ya mfukoni, moja ya akiba. Juu ya kila kopo bandika karatasi yenye tarehe ya kulifungua na tarehe litakayoisha. Usitegemee kulitikisa. Kopo linaendelea kusikika na kupuliza hata dawa ikishaisha, kwa sababu gesi ya kusukuma bado imo. Inhela za unga za kuzungusha kitako zinadanganya zaidi: ile sauti ya chakachaka ni chembe za kukausha unyevu, hata chombo kikiwa kitupu kabisa.

Wanaotumia vidonge vya salbutamo au vya aminofilini waseme mapema. Daktari wa Uingereza si rahisi akuandikie vidonge hivyo, na aminofilini ina tabia ya kupanda damuni ukipewa antibiotiki kama eritromaisini au siprofloksasini. Omba uhamishiwe kwenye dawa ya kuvuta ukiwa bado nyumbani, mbele ya daktari anayekujua, na mwezi mzima wa kuona kama inakufaa.

Siku 2 kabla

Mkoba wa mkononi: inhela zote katika maboksi yake, barua, kibomba cha kupimia, na speisa, yaani kile kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Sanduku likipotea njiani, lipotee na nguo.

Nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke, iache, isipokuwa daktari ameiagiza. Umeme si tatizo: Uingereza wana volti 230 na plagi ya pini 3 bapa kama ya Tanzania na Kenya. Sababu ni kwamba kwa mtu mzima aliyebanwa lakini bado anaweza kuongea, mipulizo ya salbutamo kupitia speisa inafanya kazi kama mashine, na speisa haihitaji soketi.

Ioshe leo. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kisha iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Kufuta kunaacha chaji ya umeme kwenye plastiki, na chaji inanasa dawa ukutani badala ya kuiacha ifike kifuani. Kila mwezi mara 1 inatosha.

Siku ya 1. Asubuhi 450

Dawa ya kinga ivutwe asubuhi kabla ya kwenda uwanjani. Vuta, sukutua, tema. Asiyesukutua anapata fangasi wa mdomoni, kisha analaumu dawa na kuiacha.

Ndani ya ndege hewa inalingana na ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi, na ni kavu kuliko hewa yoyote uliyoizoea pwani. Aliyetulia haimsumbui. Aliyepanda akiwa amebanwa itamwongezea. Kama kipimo cha leo kiko chini ya asilimia 80 na hakipandi baada ya salbutamo, zungumza na daktari kabla ya kwenda uwanjani, hata kama tiketi haibadiliki bure.

Salbutamo ikae mfukoni au kwenye mfuko wa kiti kilicho mbele yako. Kabati la juu halifai: ndege ikitikisika, mkanda ukiwa umefungwa, hutaruhusiwa kusimama. Kunywa maji kila wahudumu wakipita.

Doha, Qatar, unapobadili ndege, saa 6 hivi baadaye. Saa ya huko ni sawa na ya Dar, kwa hiyo dawa ya jioni haina hesabu mpya. Njia ya abiria wanaounganisha inapita kwenye maduka ya manukato, na wauzaji hupulizia hewani udi na marashi mazito. Pita upande wa pili ukipumua kwa pua. Ukisikia koo linawasha, toka hapo kwanza, dawa baadaye.

Siku ya 2. Asubuhi 430, jioni 435

Manchester. Septemba mchana ni nyuzi 17 au 18 hivi. Huenda usiamini, lakini Dar hupata mvua nyingi kwa mwaka kuliko Manchester. Tofauti ni namna mvua ya huku inavyokuja kidogokidogo, kuta zisipate siku ya kukauka.

Saa imerudi nyuma saa 2. Usihangaike kuhesabu masaa ya dawa ya kinga. Ifunge kwenye mswaki, asubuhi na usiku, kama ulivyokuwa.

Kushuka kwa kipimo kutoka 450 hadi 430 si habari. Usingizi haukutosha.

Siku ya 3

Leo, na si wiki ijayo, jiandikishe kwa daktari wa familia, wanayemwita GP. Ni bure. Unajaza fomu kwenye kliniki iliyo karibu na unapoishi au kwenye mtandao. Mapokezi wakikuambia ulete bili ya umeme au pasipoti, waambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hauvifanyi kuwa masharti ya kuandikishwa. Wengi huishia mlangoni hapo kwa aibu, wanarudi nyumbani, na siku zinakwenda. Kuandikishwa kwaweza kuchukua wiki na ushee, kisha miadi na muuguzi wa pumu ni wiki kadhaa tena. Ndiyo maana tulihesabu siku 90.

Ukiulizwa unataka nini, sema mambo mawili: niandikieni dawa zangu za kila mwezi, na nipeni miadi ya kupitia pumu yangu. Toa nakala ya barua, baki na ya kwako.

Namba za simu: 999 kwa dharura, 111 kwa ushauri usiku na mchana, zote bure. Kiingereza kikikukimbia kwa hofu, 111 wana wakalimani. Taja tu lugha, "Swahili". Andika posikodi, yaani herufi na namba za eneo kwenye anwani, ya unapoishi ukutani karibu na mlango. Aliyebanwa hawezi kuanza kuitafuta.

Siku ya 5. Asubuhi 415, jioni 430

Chumba. Hapa tunakaa, kwa sababu hapa ndipo pumu inapoharibikia.

Nyumba za Uingereza zimejengwa kuzuia joto lisitoke. Mvuke wa kuoga, wa kupika na wa pumzi za watu unabaki ndani, unagusa ukuta wa nje ulio baridi, unageuka maji, na kuvu inaota. Nguo za mashine moja zikianikwa chumbani zinaweza kuachia hadi lita 2 za maji hewani. Utitiri wa vumbi nao unapenda unyevu, na unaishi ndani ya godoro na zulia, vitu ambavyo nyumba za huku zimejaa.

Ingia na tochi ya simu. Vuta kabati kutoka ukutani uangalie nyuma yake. Inua godoro upande wa ukuta. Tazama pembe za dari bafuni, mpira wa dirisha, na chini ya dirisha. Madoa meusi ya nukta nukta ni kuvu. Rangi mpya kwenye pembe moja tu ya ukuta huenda ni kuvu iliyofichwa. Itarudi ndani ya miezi. Nusa: harufu ya nguo zilizoloa na kusahaulika haidanganyi.

Ukishapanga, fanya haya. Kabati liwe mbali na ukuta wa nje kwa sentimita 5 hadi 10. Nunua kipima unyevu kidogo, pauni 10 hivi, ulenge asilimia 40 hadi 60. Joto lisishuke chini ya nyuzi 18. Fungua madirisha ya pande mbili dakika 10 asubuhi, hata kama kunauma, kisha funga. Nguo zianikwe bafuni, mlango umefungwa na feni inazunguka. Mashuka na foronya zifuliwe kwa nyuzi 60 kila wiki. Chini ya hapo utitiri unapona. Godoro livishwe kifuniko cha zipu.

Na jiko. Kitunguu na pilipili vikikaangwa katika jiko la Dar lenye dirisha la nyavu, moshi unajiendea. Hapa jiko ni chumba kimoja na sebule. Washa feni ya juu ya jiko kabla mafuta hayajapata moto, funga mlango, iache izunguke dakika 10 baada ya kuzima. Udi na ubani wa Ijumaa tunaomba uache kabisa miezi ya baridi, au mwenye pumu awe nje. Tunajua ni kumwomba mtu harufu ya kwao. Ila chumba kilichofungwa hakina pa kuupeleka moshi huo.

Kuvu iliyopita mita 1 ya mraba si kazi yako kuisugua. Hata iliyo ndogo, mwenye pumu asiisafishe mwenyewe: kuikwangua ikiwa kavu kunarusha mbegu zake hewani, na mvuke wa jiki peke yake unatosha kumbana. Mwandikie mwenye nyumba kwa baruapepe, na picha, na tarehe, na sentensi kwamba una pumu. Desemba 2020, huko Rochdale, kaskazini tu ya Manchester, mtoto Awaab Ishak wa miaka 2 alifariki kwa kuvuta kuvu ya nyumba ya kupanga ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia. Sheria yenye jina lake ilianza kazi tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kijamii, yaani za halmashauri au mashirika ya makazi: mwenye nyumba ana siku 10 za kazi kuchunguza hatari kubwa, na saa 24 kwa dharura. Chumba cha mtu binafsi hakimo katika awamu hii. Huko mlango wako ni ofisi ya afya ya mazingira ya halmashauri, na ndiyo maana baruapepe yenye tarehe ni mali.

Kama una nafasi ya kuchagua, chagua dirisha lisilotazama barabara kuu. London, tarehe 16 Desemba 2020, mchunguzi wa vifo aliamua kwamba moshi wa magari ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu kali.

Siku ya 12

Gharama. England, sehemu ya Uingereza ilipo Manchester, kila dawa inayoandikwa ni pauni 9.90, kwa bei ya 2025, bila kujali ni kopo au vidonge 5. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ni bure. Ukiandikiwa dawa 12 au zaidi kwa mwaka, nunua cheti cha malipo ya awali: pauni 114.50 kwa miezi 12, au 32.05 kwa miezi 3. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1. Akikubaliwa kikamilifu halipi kitu. Inhela ya salbutamo, ambayo Dar unaichukua kaunta kama panadol, huku inataka maandishi ya daktari.

Siku ya 17. Asubuhi 370, jioni 340

Mafua. Septemba shule na vyuo vinafunguliwa, virusi vinapita mkononi kwa mkono, na ndio mwezi wenye wimbi la pumu kila mwaka. Usiku kifua kinalia, unaamka saa 9 ukikohoa.

340 iko chini ya 360. Huu ndio wakati wa kutenda, kabla hujafika 225. Salbutamo kwa speisa: tikisa, mpulizo 1, pumua kawaida mara 5 kupitia speisa, subiri nusu dakika, kisha wa pili. Usipulize 2 kwa pamoja. Zinagongana na kushikana ndani. Dawa ya kinga usiiache hata siku 1. Ikiwa unahitaji salbutamo tena kabla saa 4 hazijapita tangu uivute, mtafute daktari leo hiihii. Huenda akakupa prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 hadi 50 asubuhi kwa siku 5 au zaidi. Vidonge ni vya miligramu 5, kwa hiyo usishtuke ukihesabiwa 8 kwa mkupuo. Mwambie umetoka Afrika Mashariki. Mnyoo wa strongiloide unaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi na kuchachamaa mtu akipewa steroidi, na daktari wa huku asipoambiwa hana sababu ya kuuwaza.

Speisa imepotea? Chupa ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, pachika bila kuacha pengo, ziba kwa gundi ya karatasi, weka midomo kwenye mdomo wa chupa. Njia hii imepimwa kwa watoto Afrika Kusini na ilifanya kazi.

Dharura inafahamika hivi: huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, salbutamo haisaidii, au kipimo ni chini ya 225. Kaa wima, usilale. Mpulizo 1 kila sekunde 30 hadi 60, mpaka 10. Hakuna nafuu, au unazidi wakati wowote, piga 999. Gari halijafika baada ya dakika 10, rudia ile 10. Wenye inhela moja ya mchanganyiko kwa kinga na kutuliza wana hesabu yao, na iwe imeandikwa kwenye karatasi waliyopewa.

Siku ya 26

Tarehe 1 Oktoba chanjo ya mafua makali inafunguliwa kwa watu wazima walio hatarini. Anayevuta steroidi ya kinga ni mmoja wao, bure, kwa GP au duka la dawa. Nenda wiki hiyohiyo.

Siku ya 38. Asubuhi 435, jioni 445

Muuguzi wa pumu. Peleka daftari la vipimo, makopo, na inhela yenyewe, mwonyeshe unavyoivuta. Kosa kubwa tunaloliona ni kuvuta kwa kasi inhela ya gesi, inayotaka pumzi ndefu ya taratibu, na kuvuta polepole ya unga, inayotaka nguvu.

Aliyezoea salbutamo peke yake ataambiwa abadilishe. Tangu Novemba 2024 mwongozo wa Uingereza unasema salbutamo isitolewe bila steroidi ya kuvuta pamoja nayo, na mwongozo wa kimataifa wa GINA ulisema hivyo tangu 2019. Sababu ni kwamba salbutamo inafungua mirija na kuuacha uvimbe ndani yake. Makopo 3 kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari. Kopo kila mwezi ni dalili ya hatari ya kifo. Huenda ukapewa inhela moja ya budesonidi na fomoterolo, ya kuvuta unapobanwa. Kubali.

Akipima damu na kuona chembe nyeupe za damu ziitwazo esinofili ziko juu, mkumbushe tena ulikotoka. Minyoo nayo huzipandisha, na isihesabiwe kuwa pumu peke yake.

Toka na karatasi ya mpango wenye namba 360 na 225. Dawa za kila mwezi ziagize wiki 1 kabla ya kuisha.

Siku ya 61. Asubuhi 440, jioni 400

Tarehe 5 Novemba Waingereza wanawasha mioto mikubwa na fataki mtaa kwa mtaa. Moshi unalala chini usiku usio na upepo. Madirisha yafungwe kuanzia jua kuzama. Kesho yake asubuhi usikimbie mazoezi.

Siku ya 132. Asubuhi 425, jioni 435

Katikati ya Januari, na baridi tuliyoonywa imefika: mchana nyuzi 7, usiku karibu na 2. Hewa ya baridi ni kavu. Mirija inapoteza maji na joto kuipasha, inakereka, inajikunja. Pua ndiyo kifaa cha kupasha hewa, kwa hiyo pumua kwa pua, skafu ikiwa juu ya pua na mdomo. Ukitaka kukimbilia basi, au kucheza mpira, salbutamo dakika 10 hadi 15 kabla, kama ndivyo mpango wako unavyosema.

Inhela iwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kopo likipoa, gesi inakosa msukumo na mpulizo unatoka dhaifu, dawa pungufu, hasa pale unapoihitaji. Likiwa la baridi, lishike kiganjani dakika kadhaa. Usiliweke juu ya hita. Na likikaa siku 5 bila kutumika, puliza 2 hewani kwanza.

Siku ya 201. Asubuhi 445, jioni 450

Mwisho wa Machi miti ya bechi (birch) inaanza kumwaga chavua, mpaka Mei. Kuanzia katikati ya Mei hadi Julai ni zamu ya nyasi. Mgeni mara nyingi hasikii kitu mwaka wa kwanza, akadhani amepona. Mwili unahitaji kukutana na chavua misimu kadhaa ndipo uanze kuikataa, na wengi hushikwa wa pili au wa tatu. Ukiona macho yanawasha na pua inachuruzika bila homa, ni hiyo. Setirizini miligramu 10 kwa siku, na dawa ya kupuliza puani ianze wiki 2 kabla ya msimu wako. Nguo usizianike nje siku ya chavua nyingi.

Siku ya 292. Asubuhi 430

Juni, joto, nyasi zimekomaa, na utabiri unataja radi. Tarehe 24 Juni 1994 radi kama hii ilijaza hospitali za London watu waliobanwa. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, walikufa watu 10. Unyevu wa dhoruba unapasua punje za chavua, ambazo peke yake ni kubwa mno kushuka chini ya koo, kuwa vipande vidogo vinavyofika mwisho wa mirija. Upepo wa dhoruba unavishusha mpaka usawa wa pua. Wenye mafua ya chavua ambao hawajawahi kuugua pumu nao wamo hatarini.

Dawa ya kinga asubuhi, bila kukosa. Kabla mawingu hayajafika, ingia ndani, funga madirisha, salbutamo na speisa viwe mezani. Baada ya mvua, wakati kila mtu anatoka kunusa hewa mpya, subiri.